Meza yenye mota ilipokataa kutuambia urefu wake

Meza ni kitu cha kawaida. Ina miguu minne, haisemi, haili umeme, na fundi seremala yeyote anaweza kuirekebisha. Mwaka 2023 shuleni kwetu Bujumbura tulipata meza ya aina nyingine: miguu miwili ya chuma yenye mota ndani, kisanduku cha umeme chini ya ubao, na kibao kidogo cha vitufe pembeni. Ukibonyeza kitufe cha juu, meza inapanda mpaka mtu anaweza kufanya kazi akiwa amesimama. Ukibonyeza cha chini, inashuka.

Ilitoka katika ofisi moja ya kigeni iliyokuwa ikifungwa. Walitupa viti, makabati na meza hiyo. Vibarua walipokuwa wakiishusha kwenye lori, kibao cha vitufe kiligonga ukingo na kioo chake kikapasuka. Kitufe cha kupanda na cha kushuka viliendelea kufanya kazi, lakini kidirisha cha namba, kile kinachoonyesha urefu wa meza kwa sentimita, kikawa cheusi.

Mkurugenzi wa shule aliona ni jambo dogo. Mimi pia niliona hivyo, mpaka tulipomkumbuka mwanafunzi mmoja.

Kwa nini namba ilihitajika

Binti huyo alikuwa katika darasa langu la fizikia, mwaka mmoja kabla ya mtihani wa taifa. Anatumia kiti cha magurudumu. Madawati yetu ni yale ya mbao yaliyounganishwa na benchi, na kiti chake hakiwezi kuingia chini yake. Kwa miaka mingi aliandika akiwa ameweka kipande cha ubao mapajani. Meza ya mota ilipopanda hadi usawa wake, aliingiza kiti chini yake na kuweka viwiko juu kwa mara ya kwanza kama wenzake.

Lakini miguu yake haina hisia. Meza ikishuka kupita kiasi na kumbana magoti, yeye hatasikia maumivu ya kumwonya. Meza hiyo ilitumika pia na madarasa mengine, ambao waliipandisha juu kwa majaribio ya maabara. Kila asubuhi ilibidi ishushwe tena. Tulipima kwa futi tukaona kwamba ikishuka chini ya sentimita 73 hivi, ukingo wake unaanza kugusa mapaja.

Basi Mkurugenzi akatoa amri: binti asiiguse meza bila mtu mzima kuwapo. Ilikuwa amri ya busara, ila ilimuumiza. Aliniambia, "Mwalimu, nimepata meza, lakini bado nasubiri watu."

Nikajibu kwa haraka, kama walimu tunavyofanya wakati mwingine, kwamba nitairudisha ile namba.

Daftari la safu mbili

Hapa niseme kidogo nilikotoka. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Nilirudi nyumbani mwaka 2009 nikiwa na cheti, na Kirundi cha nyumbani kwetu, bila neno la maana la Kifaransa. Nilipewa chaki na kuambiwa nifundishe.

Nilijifunza kwa daftari lenye safu mbili. Kushoto niliandika neno nililolisikia, kulia niliandika kilichotokea baada ya neno hilo kusemwa. Likisemwa "craie", mtoto huleta chaki. Mara tatu, mara nne, nikawa na hakika. Lakini daftari hilo lilinidanganya pia. Likisemwa "chiffon", mtoto huenda ubaoni. Nikaandika: chiffon ni ubao. Nilitembea na kosa hilo wiki nzima, mpaka siku niliposema mbele ya darasa kwamba nitaandika juu ya chiffon, watoto wakacheka. Chiffon ni kitambaa cha kufutia.

Njia ile ile ndiyo niliyoitumia kwa meza, na kosa la namna ile ile likanipata.

Kusikiliza waya

Kwanza, onyo. Ndani ya kisanduku kilicho chini ya ubao wa meza kuna umeme wa ukutani, na huo unaua. Sikukifungua, wala wewe usikifungue. Kati ya kisanduku na kibao cha vitufe kuna waya mwembamba unaofanana na ule wa kuunganishia kompyuta, wenye nyuzi nane ndani. Huo hubeba umeme mdogo tu, wa volti 5.

Nilikwenda nao Buyenzi, mtaa ambao kila Mrundi anaujua kwa magereji na mafundi wake, na kwa Kiswahili chake. Fundi mmoja wa simu alipima nyuzi kwa mita yake akaziweka alama: huu wa volti 5, huu wa chini, na huu volti zake zinachezacheza meza inapokwenda. "Mwalimu, huo ndio unaoongea," alisema. Akaniazima kifaa kidogo cha USB ambacho mafundi hutumia kuzungumza na simu zilizokufa. Tuliunganisha nyuzi mbili tu, wa chini na ule unaoongea, ili tusikie bila sisi kusema chochote.

Kompyuta ilianza kupokea. Vifaa vya aina hii hutuma habari kama mfululizo wa baiti, yaani namba kati ya 0 na 255, moja baada ya nyingine juu ya uzi mmoja. Ni lazima anayesikiliza aende kwa kasi ile ile ya anayesema. Tulijaribu kasi kadhaa tukapata takataka. Tulipoweka biti 9,600 kwa sekunde, takataka zikageuka mpangilio. Kila ujumbe wa urefu ulianza na 155, kisha 7, kisha 18, na kila ujumbe uliishia na 157. Katikati kulikuwa na baiti tatu zilizobadilika meza ilipokwenda, na nyingine mbili kabla ya ile ya mwisho.

Meza isipoguswa kwa muda inanyamaza kabisa. Mara ya kwanza nilidhani tumeiua. Ukibonyeza kitufe, inaamka na kuanza kusema tena.

Nilidhani zile baiti tatu ni urefu. Nikafungua daftari, nikachora safu mbili. Kushoto baiti, kulia kipimo cha futi.

Namba kumi tu

Nilianza na dhana iliyokuwa ya kawaida. Ziko meza, kama zile zenye vidhibiti vya kampuni ya Jiecang ya China, ambazo hutuma urefu kwa baiti mbili: ya kwanza unaizidisha kwa 256, kisha unajumlisha ya pili, unapata milimita. Milimita 745, kwa mfano, huwa 2 na 233. Mara 256 mbili ni 512, ongeza 233, unapata 745. Ni hesabu safi kabisa.

Kwa meza yetu hesabu hiyo haikutoa kitu. Meza ilipanda taratibu, milimita moja baada ya nyingine, lakini baiti ya tatu ilirukaruka: 6, 91, 79, 102, 109, 125, 7, 127, 111, 63. Kisha 6 tena. Inapanda, inashuka, inapanda. Nilichora grafu ikafanana na meno ya msumeno mbovu. Nilijaribu siku nne kutafuta fomula.

Siku ya tano, kwa kukata tamaa, niliandika namba hizo kumi ubaoni na kuwapa wanafunzi wangu kama kazi ya nyumbani. Sikuwaambia zimetoka wapi. Niliwaambia tu zinajirudia kwa mpangilio huo.

Kesho yake binti yule alikuja na karatasi yenye michoro ya vijiti vya kiberiti. Alikuwa ameona mambo mawili. La kwanza, ziko namba kumi tu, hazizidi, na kitu ambacho kiko kumi na kinajirudia ni tarakimu, kuanzia 0 hadi 9. La pili, kubwa kuliko zote ni 127, na 127 ni jumla ya 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Vitu saba, vyote vimewashwa. "Mwalimu," aliuliza, "ni tarakimu gani inayowasha vijiti vyote saba?"

Nilikaa chini. Ni 8, kama unavyoiona kwenye saa ya redio au kikokotoo.

Meza haikuwa ikituma urefu. Ilikuwa ikituma picha. Kila tarakimu kwenye kidirisha cha namna hiyo ina vijiti saba vya taa, na kila kijiti kina thamani yake: cha juu 1, cha kulia juu 2, cha kulia chini 4, cha chini kabisa 8, cha kushoto chini 16, cha kushoto juu 32, cha katikati 64. Tarakimu 1 huwasha vijiti viwili vya kulia: 2 na 4, jumla 6. Tarakimu 7 huongeza cha juu: jumla 7. Tarakimu 4 ni 2, 4, 32 na 64: jumla 102. Kisanduku kilikuwa kikikiambia kibao, "Washa hiki, hiki na hiki." Kibao chenyewe hakikuhitaji kujua hesabu hata kidogo. Baadaye nilikuta kwamba mpangilio huo ndio unaotumika katika vidhibiti vya kampuni ya Loctek.

Tulipotafsiri daftari lote, namba za meza zilipishana na futi. Meza ikisema 74.5, futi inasema 74.9. Nilianza kuhangaika tena, kisha tukaona kwamba tofauti ni milimita 4 kila mahali, juu na chini. Sababu yake ni rahisi. Meza haina futi. Ndani ya miguu kuna vihisi vinavyohesabu mizunguko ya mota kuanzia chini kabisa, na kisanduku hujumlisha na kipimo kilichowekwa tangu mwanzo. Hakijui ubao wako una unene gani wala umeweka nini chini ya miguu. Tofauti isiyobadilika haina ubaya, mradi uijue.

Meza ya sentimita 11

Niliandika programu fupi kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeona kwamba baiti ya pili kila mara ilikuwa na 128 ya ziada, mfano 230 badala ya 102. Nikaona ni takataka, nikaagiza programu iiondoe. Kisha iunganishe tarakimu tatu na kugawanya kwa 10. Kati ya 71 na 80, ambako tulikuwa tukifanyia majaribio, ilisema kweli kila mara. Nikamwita Mkurugenzi kwa fahari.

Alikuja, akatazama, akafurahi. Akasema, "Hebu niipandishe, na mimi nisimame." Meza ikapanda. 98, 99, 99.9. Kisha kompyuta ikaandika 10.0. Akaendelea mpaka kifuani pake, na kompyuta ikatangaza kwamba meza ina urefu wa sentimita 11.

Mkurugenzi alicheka, na mimi nikacheka. Binti hakucheka. Alisema kwa adabu, "Mwalimu, kama inaweza kusema 11 wakati ni 110, nitajuaje siku itakaposema 74 na si 74?"

Hapo nikaikumbuka chiffon. Nilikuwa nimeandika kilichotokea mara nyingi mahali pamoja, nikakiita ukweli. Ile 128 niliyoitupa ilikuwa kijiti cha nane, yaani nukta. Chini ya sentimita 100 kidirisha huonyesha nukta baada ya tarakimu ya pili: 74.5. Ikifika 100, nafasi ya tarakimu imekwisha, kwa hiyo nukta huzimwa na huandikwa 110. Meza ilikuwa ikisema wazi ni lini nigawanye kwa 10 na ni lini nisigawanye. Mimi ndiye niliyeziba sikio.

Swali la binti lilitufanya tuanze upya. Tulipima kila sentimita kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, yeye akisoma futi na mimi nikisoma kompyuta, bila mmoja kumwambia mwingine mpaka mwisho. Zile baiti mbili kabla ya 157 tulikuja kujua ni za uhakiki. Ni kama kondakta anayehesabu abiria anapoondoka, ili hesabu isipolingana mbele ya safari ijulikane kuna kitu kimeharibika njiani. Tukaweka sharti: ujumbe usioanza na 155 na kuishia na 157 utupwe, na namba isikubaliwe mpaka ije mara mbili mfululizo.

Fundi asiyetaka kutafsiri

Lakini kompyuta haiwezi kubaki imefungwa kwenye meza. Nilirudi Buyenzi na fomula yangu iliyosahihishwa, nikamwomba fundi anitengenezee kidirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, meza inatuma picha?"

"Ndiyo."

"Na kidirisha kinataka picha?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe katikati unageuza picha kuwa namba, kisha namba kuwa picha tena, kwa faida gani?"

Sikuwa na jibu. Alitoa tarakimu tatu za taa kutoka kwenye saa ya redio iliyokufa, akaziunganisha na bodi ndogo ya Arduino. Bodi ilifanya kazi mbili tu: kukagua ujumbe kwa masharti yetu, na kuwasha vijiti vile vile ambavyo meza imevitaja. Hakuna kutafsiri. Nukta ikija, inawaka. Isipokuja, haiwaki.

Nilidhani amerahisisha kazi tu. Umuhimu wake niliuona miezi miwili baadaye.

Umeme ulikatika asubuhi meza ikiwa katikati ya safari. Uliporudi, binti alikuwa tayari ameingia chini yake. Alipobonyeza kitufe, haikwenda. Kwenye kidirisha hazikuonekana namba, zilionekana herufi. Meza ilikuwa imepoteza hesabu ya mizunguko yake, ikawa inaomba kuanzishwa upya. Na kuanzishwa upya maana yake ni moja: unashikilia kitufe cha chini, nayo inashuka mpaka mwisho kabisa wa miguu, chini ya sentimita 73, ili ianze kuhesabu tena.

Programu yangu ya kwanza haikujua herufi. Ingenyamaza, au ingebaki na namba ya zamani, 74.5, kama vile hakuna kilichotokea. Na mtu aliyeona 74.5 kwenye meza iliyokwama angefanya nini? Angeshikilia kitufe.

Binti aliziona herufi. Alirudisha kiti chake nyuma mpaka magoti yakatoka kabisa chini ya meza, ndipo akabonyeza. Ikashuka hadi mwisho, ikainuka kidogo, namba zikarudi. Akaipandisha hadi 74.5, akaingia, akafungua daftari. Nilikuwa mlangoni muda wote huo na sikuwa nimeitwa.

Siku hiyo hiyo Mkurugenzi aliondoa amri yake, ila aliongeza jambo moja ambalo mimi na fundi hatukulifikiria. Alichukua rangi nyekundu akachora mstari kwenye mguu wa meza, mahali pa sentimita 73. "Taa zinaweza kuzimika," alisema. "Rangi haizimiki."

Tunachoweza kujifunza

Binti alifanya mtihani wake mwaka 2024 na ameondoka shuleni kwetu. Meza imebaki na taa zake tatu na mstari wake mwekundu. Kila mwaka ninawapa wanafunzi wapya zile namba kumi, 6, 91, 79 na kuendelea, bila kuwaambia zimetoka wapi. Wapo wanaotafuta fomula kama mimi. Wapo wanaoanza kuchora vijiti.

Kwa walimu wenzangu na wazazi nina haya machache. Kifaa kinachozungumza lugha usiyoijua usikitupe haraka. Andika kinachosema upande mmoja, na unachokiona kwa macho upande wa pili. Ukishapata jibu, lipeleke mahali ambapo hujawahi kulijaribu, kabla halijaenda lenyewe. Usitupe sehemu usiyoielewa kwa sababu tu inaharibu hesabu yako. Na mtu ambaye magoti yake yako chini ya meza, msikilize kabla ya yule aliyeandika programu.